Uzee hauji kwa miezi 9: kisa cha bibi aliyetoka Pangani

Kisa hiki kimetungwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia kwa wazee wanaoletwa kliniki na familia zao. Hakimhusu mtu mmoja anayejulikana. Vipimo na dozi vimewekwa kama ambavyo vingeandikwa kwenye faili.

Bibi wa miaka 74, mjane, mzaliwa wa Pangani, ameletwa kliniki jijini Dar es Salaam na mwanawe pamoja na mkamwana. Kwenye daftari la mapokezi, mahali pa kuandika tatizo, pameandikwa neno moja tu: uzee. Usiku uliotangulia, mnamo saa 9, alianguka akielekea chooni, akalala sakafuni mpaka adhana ya alfajiri. Hakuita mtu. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kuwa mkamwana huamka mapema kwenda kazini, hakutaka kumkatisha usingizi.

Mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo bibi huyu alikuwa akitembea kwa miguu hadi shambani kwenye minazi, akisuka ukili wa mikeka ya kuuza, na akishika hesabu za kikoba chao kichwani bila daftari. Mume alifariki miezi 14 iliyopita. Akakaa eda nyumbani kwake, miezi 4 na siku 10, na ilipokwisha mwanawe akamchukua aje kupumzika Dar. Sasa ana miezi 9 mjini. Anamwita mjukuu kwa jina la mjomba aliyekufa zamani, anaacha nusu ya chakula, haongei, na usiku huona watoto wameketi juu ya kabati.

Kila mtu ana maelezo yake. Mwana anasema ni ugonjwa wa kusahau, amesikia habari zake redioni. Shangazi anasema ni majini, na kombe limeshanyweka. Mkamwana anasema ni majonzi ya mume. Wote wanamalizia kwa kauli ileile: amezeeka ghafla.

Neno "ghafla" ndilo lililopaswa kumshtua kila aliyemwona kabla ya siku ile. Uzee hufanya kazi kwa miaka. Nguvu ya misuli, usikivu, lenzi ya jicho na kasi ya kufikiri hupungua taratibu kiasi kwamba mwenyewe huzoea kabla hajatambua. Mtu aliyeweza kushika hesabu za kikoba akashindwa kulitaja jina la mjukuu ndani ya nusu mwaka, huyo kuna kitu kimempata. Kazi ya kliniki ni kukitafuta.

Swali la kwanza

Familia nyingi hazikumbuki tarehe, lakini hukumbuka matukio. Kwa hiyo hawakuulizwa "tatizo lilianza lini". Waliulizwa mara ya mwisho bibi kuwa na akili zake timamu ilikuwa wakati wa jambo gani. Mkamwana alijibu bila kufikiri: Ramadhani. Alifunga, akasimamia futari, akawaelekeza hata namna ya kukuna nazi. Hiyo ni miezi 6 nyuma. Swali la pili: hali yake ni ileile kutwa nzima, au hupanda na kushuka? Hushuka usiku, asubuhi huwa afadhali. Kuna siku huongea vizuri hadi adhuhuri.

Majibu hayo mawili yana uzito kuliko vipimo vingi. Ugonjwa wa kusahau hujijenga kwa miaka, na mgonjwa hafanani na taa ya umeme unaokatikakatika. Kuchanganyikiwa kunakoanza ndani ya wiki au miezi michache, kukabadilika saa kwa saa, mara nyingi chanzo chake kiko nje ya ubongo: dawa, chumvi za damu, maambukizi, mkojo uliozuiwa, choo kilichofunga. Mambo haya mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja, lakini la ghafla ndilo linaloshughulikiwa kwanza kwa sababu ndilo linaloondoka, na ndilo linaloua likiachwa.

Chumbani

Mtabibu alisalimia kutoka upande wa meza: "Shikamoo bibi." Kimya. Akaonyesha dirishani, akauliza, "Taa ile unaiona?" Bibi akajibu, "Saa sina, mwanangu." Mwana akamtazama mkewe kama anayesema, umeona mwenyewe.

Walichoona ni sikio. Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, na konsonanti kama s, f, t na k ndizo zinazokaa huko. Irabu ni nene, hubaki. Mzee husikia kwamba mtu anaongea, husikia hata kwamba neno lina a mbili, lakini saa, taa na kaa yanakuwa neno moja, naye huchagua linaloelekea. Ukimpigia kelele unaongeza irabu tu, konsonanti zinabaki palepale. Mtabibu akasogeza kiti mbele yake, goti kwa goti, mwanga wa dirisha ukimwangaza yeye usoni, akashusha sauti badala ya kuipandisha. "Shikamoo bibi." "Marahaba baba, hujambo?"

Ndani ya masikio yote mawili kulikuwa na nta iliyoziba kabisa. Nta ya mzee ni kavu na ngumu kuliko ya kijana, haitoki yenyewe, na pamba za vijiti huishindilia ndani zaidi.

Vipimo vya siku ile, kwa mpangilio uliofuatwa:

Shinikizo la damu lilipimwa mara tatu. Baada ya kulala chali dakika 5 lilikuwa 148/82. Dakika 1 baada ya kusimama, 122/74. Dakika ya 3, 118/72, naye akashika meza akisema dunia inazunguka. Kushuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, au 10 kwenye ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama kunatosha kuitwa tatizo. Yeye alishuka 30. Kwenye kadi yake kulikuwa na vipimo saba vya nyuma, vyote vya akiwa amekaa. Hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Uzito kilo 53.5. Kadi ya zamani ya Pangani ilionyesha kilo 61. Mzee akipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwaka bila kukusudia, sababu hutafutwa. Huyu alipoteza asilimia 12.

Kuinuka kitini bila kutumia mikono kwa sekunde 30: sifuri. Aliinuka mara 4 lakini kwa kusukuma mikono ya kiti, na kanuni ya kipimo hiki ni kwamba ukitumia mikono unahesabiwa sifuri. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 hutarajiwa kufikisha 10. Kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa kulimchukua sekunde 24. Zaidi ya 12 tayari ni dalili ya kuwa hatarini kuanguka.

Macho yalipimwa kwa chati ya herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali, ambayo haihitaji kujua kusoma: kulia 6/60, yaani akiwa mita 6 huona kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 60; kushoto 6/24. Mtoto wa jicho pande zote, kulia ameiva.

Umakini: alitajiwa siku za wiki arudi kinyumenyume kuanzia Ijumaa. Ijumaa, Alhamisi, kisha akapotea, akaanza kusimulia habari za mnazi.

Tumbo lilikuwa gumu chini ya kitovu. Altrasaundi ikaonyesha mililita 260 za mkojo zilizobaki kibofuni baada ya kwenda haja. Choo kikubwa, siku 6 hajapata. Malaria hakuna. Sukari ya kawaida. Damu gramu 10.4 na potasiamu 3.3, zote pungufu kidogo. Sodiamu 124, na inapaswa kuwa kati ya 135 na 145.

Kuhusu kuanguka, kifundo cha mkono kilivimba bila kuvunjika. Hakugonga kichwa na hatumii dawa ya kuzuia damu kuganda, hivyo picha ya kichwa haikupigwa siku hiyo. Lakini familia iliambiwa irudi mara moja ikiona maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kusinzia kusiko kawaida au upande mmoja kulegea, hata wiki kadhaa baadaye. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo ndani ya fuvu, na damu inaweza kuvuja polepole bila kelele.

Kopo la biskuti

Mwana alikuwa ameambiwa alete dawa zote, si zile za hospitali tu. Alikuja na kopo la biskuti, akalimwaga mezani. Yaliyotoka mle ndiyo kisa chenyewe.

Bibi alitoka Pangani na dawa moja tu, amlodipini miligramu 5 kwa ajili ya shinikizo la damu, na alikuwa akiendelea nayo vizuri kwa miaka. Mwezi wa kwanza Dar magoti yakaanza kuuma; alikuwa ameacha kutembea, na goti lililochakaa likinyimwa msuli wa paja wa kulishikilia huuma zaidi. Kwenye duka la dawa muhimu la mtaani wakamuuzia diklofenaki miligramu 50, asubuhi na jioni. Ikamsaidia, ikawa ya kila siku.

Diklofenaki huzuia figo kutoa chumvi na maji, na hupandisha shinikizo la damu. Mwezi wa 3 lilipimwa 172/94. Aliyempima hakuambiwa kuhusu diklofenaki, kwa sababu kwa familia hiyo haikuwa dawa, ilikuwa "vidonge vya magoti". Amlodipini ikapandishwa hadi miligramu 10. Kwa dozi hiyo miguu huvimba kwa watu wengi, wanawake zaidi, kwa kuwa mishipa midogo hulegea na maji huchuruzika kushuka vifundoni. Mwezi wa 4 miguu ikavimba. Kwa kuivimbua akaongezewa haidroklorothiazidi miligramu 25, dawa ya kukojosha, ambayo uvimbe wa aina hii haiuondoi ipasavyo. Akaambiwa aimeze usiku pamoja na nyingine, asisahau.

Dawa ya kukojosha ikimezwa usiku, mtu huamka. Aliamka mara 4 hadi 5. Mwezi wa 5 lalamiko likawa "hapati usingizi", akapewa amitriptilini miligramu 25. Hiyo hukausha mdomo, hufunga choo, hulegeza kibofu kisijikamue chote, hushusha shinikizo mtu akisimama, na kwa mzee huvuruga akili. Mdomo ukakauka, akawa hamalizi ugali. Usingizi bado. Mwezi wa 6 dukani wakamwongezea klorofeniramini, kile kidonge cha njano cha mafua chenye kusinziisha, kimoja, kisha viwili kila usiku. Nayo hufanya yaleyale ya amitriptilini, juu ya ile ya kwanza. Huku haidroklorothiazidi ikiendelea kuvuta sodiamu, jambo ambalo huwapata hasa wanawake wazee wembamba. Mwezi wa 7 watoto wakaonekana juu ya kabati.

Ukitazama, kila kidonge kilitolewa kwa sababu inayoeleweka. Kila kimoja kilikuwa kikitibu madhara ya kilichotangulia, na cha mwisho kilipoleta madhara yake hayakutafutiwa kidonge kingine, yaliitwa uzee. Hakuna aliyeuona mnyororo mzima kwa sababu hakuna sehemu moja iliyotoa dawa zote. Kitambulisho chake cha matibabu ya bure ya wazee kilitolewa na halmashauri ya nyumbani, na kilikuwa kimelala sandukuni Pangani. Miezi 9 familia ikawa inanunua vidonge vichache vichache, hapa na pale, kwa fedha ya mfukoni.

Uzee wenyewe ulikuwa na sehemu yake humo, lazima isemwe. Figo za miaka 74 husafisha dawa polepole kuliko za miaka 40, maji mwilini ni pungufu na mafuta ni mengi zaidi kwa uwiano, hivyo dozi ileile hukaa muda mrefu na hupiga kwa nguvu. Mishipa haikazi upesi mtu akisimama. Kiu haiji mapema. Uzee ulimpunguzia akiba ya kuvumilia makosa. Makosa yenyewe yalifanywa na watu.

Na kile "hapati usingizi"? Mkamwana aliulizwa bibi huingia kitandani saa ngapi. Baada ya isha, saa 2 usiku. Huamka lini hasa asilale tena? Saa 8. Hizo ni saa 6. Mchana hulala saa nzima baada ya chakula. Jumla 7. Mzee hulala mapema, usingizi wake ni mwepesi, na saa 7 zinamtosha. Amitriptilini ilikuwa ikitibu ugonjwa usiokuwepo.

Kufungua mnyororo

Alilazwa siku 4, kwa ajili ya sodiamu. Haidroklorothiazidi, diklofenaki na klorofeniramini vilisimamishwa siku hiyohiyo. Amitriptilini ilipunguzwa hadi nusu kidonge kwa siku 7 ndipo ikaachwa, kwa kuwa kuikata ghafla huleta kichefuchefu na kukosa usingizi, na hapo familia huirudisha. Amlodipini ikarudi kwenye miligramu 5. Sodiamu ilipimwa kila siku: 124, 129, 132, 134. Haipaswi kupanda zaidi ya 8 hadi 10 ndani ya saa 24; ikikimbizwa, ubongo hudhurika kwa namna isiyorekebishika.

Mpira wa mkojo haukuwekwa, ingawa mililita 260 huwatia watu kishawishi. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huuvuta, na kila siku unaokaa ndani hufungulia maambukizi mlango. Choo kigumu kilifunguliwa kwanza kwa dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa na kunyweshwa maji, kwa sababu puru iliyojaa hubana njia ya mkojo. Siku ya 6 mkojo uliobaki ulikuwa mililita 70.

Nta ililainishwa kwa matone ya mafuta ya zeituni, matone 3 kila sikio asubuhi na jioni kwa siku 5, kisha ikaoshwa kwa maji ya vuguvugu la mwili. Yakiwa ya baridi mgonjwa hupata kizunguzungu papo hapo mezani. Baada ya kusafishwa alisikia adhana akiwa kliniki, akauliza msikiti ule uko upande gani.

Kwa magoti: parasetamoli gramu 1, isiyozidi mara 3 kwa siku, na fimbo. Fimbo ilikatwa iishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama na kandambili zake, na inashikwa kwa mkono ulio kinyume na goti bovu. Wengi huishika upande wa goti linalouma, na hapo mwili hulemea goti lilelile.

Nyumbani mambo yalikwenda kombo kabla ya kunyooka. Kizingiti cha choo kilikuwa na kimo cha sentimita 12, saruji ya kijivu juu ya sakafu ya kijivu. Kwa jicho la 6/60 hakipo. Kilipakwa rangi nyeupe na taa ikaachwa ikiwaka usiku kucha. Fundi akafunga bomba la kushikia kando ya choo kwa skurubu fupi za mbao. Tofali la saruji lenye uwazi ndani halishiki skurubu ya namna hiyo, na wiki ya pili bomba likang'oka mkononi. Bahati mjukuu alikuwa nyuma yake. Lilirudishwa kwa bolti za milimita 10, urefu milimita 75, kwenye sehemu iliyojazwa saruji, kimo cha sentimita 85, na nafasi ya sentimita 4 kutoka ukutani ili vidole vipite lakini kiwiko kisiingie. Kitanda nacho kilikuwa chini mno, sentimita 35, kikainuliwa kwa vipande vya mbao hadi 48.

Wiki ya 3 shinikizo likapanda tena hadi 166. Kopo la biskuti likaombwa. Diklofenaki ilikuwa imerudi: shangazi aliileta kwa huruma, magoti yalikuwa yanauma siku ya baridi. Hapakuwa na ubaya. Ni kwamba hakuna aliyemweleza shangazi.

Chakula kilipangwa kwa alichoweza kutafuna. Alikuwa na meno 9, magego ya juu hayakutani na ya chini. Nyumba ile hupika nyama ya ng'ombe, naye kwa adabu aliisogeza pembeni ya sahani bila kusema. Mzee anayejenga upya misuli anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, kwake takriban gramu 55 hadi 65. Mayai 2 ni gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi ya mtindi 8, kipande cha samaki wa nazi cha gramu 100 ni kama 20. Hapo 55 imefika bila nyama ngumu hata kidogo. Maji glasi 6 za mililita 250, ya mwisho kabla ya magharibi.

Zoezi lilikuwa moja tu, kuinuka kitini: mara 5, asubuhi, adhuhuri na jioni, mikono imekunjwa kifuani. Kiti kilianza na mto juu hadi sentimita 55, kila wiki 2 kikishushwa. Kutembea pekee hakurudishi nguvu ya paja iliyokwisha kupotea.

Yaliyokuwa hayana kidonge

Kipimo cha sonono cha maswali 15 hakikufanywa wodini. Mtu aliyechanganyikiwa hujibu lolote. Kilifanywa wiki ya 3 na alipata 8, ambapo 5 na kuendelea humtaka mtabibu achunguze zaidi. Mwenyewe hakutumia neno huzuni hata mara moja. Alisema moyo hauna raha, mwili umechoka, na "Mungu anichukue nipumzike". Kauli hiyo husemwa na wazee wengi wa Pwani kama dua, wala si kila anayeisema anataka kujidhuru, ila huwezi kulijua hilo bila kuuliza. Aliulizwa waziwazi, akiwa peke yake, kama amewahi kufikiria kujitoa uhai au kuacha kula ili afe. La, alisema, hiyo ni haramu, na hajamaliza deni la kikoba.

Deni la kikoba ndilo lililofungua mazungumzo. Pangani alikuwa mwekahazina. Kila Alhamisi wanawake 12 walikuwa wakija barazani kwake. Aliondoka bila kukabidhi hesabu, akidhani anaenda kupumzika mwezi mmoja.

Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wakizeeka hupunguza wenyewe idadi ya watu wao, wakawabakiza wa karibu wenye maana, na wengi wao huwa na raha kuliko vijana. Kwa hiyo mzee mwenye marafiki wachache si tatizo. Huyu hakupunguza, aliondolewa wote kwa siku moja, kwa basi la asubuhi. Mume alikuwa ameshakwenda. Baraza, majirani, maulidi, minazi na kazi vikafuata. Dar alipewa heshima: kila akishika ufagio, mkamwana humnyang'anya. "Pumzika mama, kazi umefanya ya kutosha." Mkamwana anasema hayo kwa mapenzi ya kweli. Kwa bibi maana yake ilikuwa kwamba hapo nyumbani hana kazi yoyote.

Hatua zilikuwa ndogo. Mkindu uliagizwa kutoka Pangani, miaa ya rangi nyekundu na zambarau iliyokoza, ambayo jicho lenye ukungu hutofautisha kuliko ya rangi hafifu. Alhamisi saa 10 jioni simu huwekwa sauti ya nje mezani na kikoba hufanyika naye akiwemo. Mwenye sauti nene ndiye husoma hesabu, maana nyembamba hazisikii. Kukuna nazi kukarudi mikononi mwake, akiwa ameketi. Mjukuu wa kiume alipewa kazi ya kutafsiri maneno ya mkamwana, ambaye sauti yake ni ya juu, mpaka mkamwana mwenyewe alipozoea kushusha. Na majonzi ya mume yaliachwa yawe majonzi. Hakupewa dawa ya sonono. Ya kawaida zaidi kati ya hizo ingeweza kushusha sodiamu tena. Makubaliano yalikuwa kupima upya baada ya miezi 3.

Mwezi wa 4

Kuona watoto kwenye kabati kuliisha siku ya 9 baada ya klorofeniramini kuachwa. Mwezi wa 4 baada ya kulazwa, shinikizo akiwa amelala 142/80, akisimama 136/78. Uzito kilo 56. Kuinuka kitini mara 7 bila mikono. Mita 3 na kurudi, sekunde 15. Maswali 15 ya sonono: 4. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji kwa ganzi ya jicho, akarudi nyumbani siku ileile.

Kumbukumbu ilipimwa hapo, si mapema. Kilitumika kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa wazee wa Afrika wasiosoma, kikiwa na mizizi yake wilayani Hai, Kilimanjaro. Hakina kuandika wala kuchora: mtu hupanga njiti 4 za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama, hueleza daraja ni nini, hukumbuka maneno aliyosomewa. Jumla ni 15. 7 kushuka chini hutia shaka kubwa. Alipata 12. Alichelewa kujibu, lakini akipewa muda jibu lilikuja, na huko kuchelewa ndiko kwa umri. Hukohuko Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, yaani zaidi ya tisa kwa kila kumi hawakuwa nao.

Yaliyobaki yamebaki. Masikio hayatarudi, kifaa cha kusikilizia alikijaribu akakivua, kinapiga filimbi akitafuna. Magoti yanauma. Jicho la kushoto linasubiri. Na familia haijakubaliana kuhusu Pangani: yeye anataka kurudi kabla ya msimu wa nazi, mwana anauliza nani atalala naye nyumba moja, binti aliyeko Muheza anasema yeye yuko tayari lakini hakuulizwa. Ukili umefika pima 6, na amesema hauuzwi Dar.

Kliniki ijayo ni baada ya wiki 6. Kwenye kadi pameandikwa aje na kitambulisho kilichotoka sandukuni, na lile kopo la biskuti, hata likiwa tupu.